Kusoma Takwimu na Aktuaria Chuo Kikuu: Mwongozo Kamili Kuanzia Kidato cha Sita

Mjadala wa kikokotoo cha pensheni uliopamba moto Tanzania mwaka 2018, ukarudi tena 2022, ulizunguka namba chache tu, na mbili kati ya hizo ni 580 na 12.5. Walimu walizitaja, manesi walizitaja, wabunge walizitaja. Wachache waliweza kueleza zinafanya kazi gani. Shahada ya takwimu au ya aktuaria (hisabati ya bima na pensheni), ukiivua mapambo yote, inakufundisha hilo: kuitazama namba ukaona dhana zilizofichwa ndani yake.

Chukua mtumishi ambaye mshahara wake wa kukokotolea ni shilingi milioni moja kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka, na amechangia miezi 360. Zidisha 12,000,000 kwa 360 kisha gawanya kwa 580, unapata 7,448,276. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022, asilimia 33 yake iligeuzwa mkupuo kwa kuzidishwa mara 12.5, ikawa 30,724,138. Asilimia 67 iliyobaki iligawanywa kwa miezi 12, ikawa 415,862 kwa mwezi. Mwaka 2024 mkupuo ukapandishwa hadi asilimia 40 kwa waliotoka kwenye mifuko iliyokuwa ikilipa nusu. Mtumishi wetu huyo sasa angechukua 37,241,379 mkononi, na pensheni ya mwezi ikashuka hadi 372,414.

Mpaka hapo hesabu za shule ya msingi zinatosha. Swali la chuo ni hili: kwa nini 12.5? Maana yake ni kwamba anayeachia shilingi moja ya kila mwaka kwa maisha yake yote yaliyobaki anapewa shilingi 12.50 leo. Tuseme angelipwa kwa miaka 20, na pesa inazaa asilimia 5 kwa mwaka. Thamani ya leo ya malipo hayo ni 12.46. Weka riba ya asilimia 8, inashuka hadi 9.82. Rudi kwenye asilimia 5 lakini mpe miaka 30, inapanda hadi 15.37, jirani kabisa na ile 15.5 iliyotumiwa na baadhi ya mifuko ya zamani. Hesabu hii haithibitishi kwamba waliotunga kanuni walikaa na miaka 20 na asilimia 5 mezani. Inakuonyesha uzito wa kila dhana: ukigusa riba au umri wa kuishi kidogo tu, mamilioni ya mstaafu yanahama.

Kama umesoma aya hiyo ukatamani kalamu, endelea. Kama imekuchosha, usijilazimishe kwa sababu umesikia aktuari wanalipwa vizuri. Miaka mitatu au minne ni mirefu.

Hatua ya kwanza: chagua kati ya takwimu na aktuaria

Kozi hizi ni ndugu wa tumbo moja, na mwaka wa kwanza mara nyingi wanafunzi wake wanakaa ukumbi mmoja. Tofauti inakuja baadaye. Takwimu inakupeleka kwenye sampuli, sensa, rigresheni, majaribio ya kilimo na ya tiba, na data kwa ujumla. Aktuaria inachukua nadharia ileile ya uwezekano na kuifunga kwenye fedha na wakati: bima ya maisha, bima ya magari, pensheni, bima ya afya. Kama bado husomi moyo wako vizuri, chagua takwimu. Mwenye shahada ya takwimu anaweza kufanya mitihani ya bodi za aktuari bila kizuizi, na pia ana milango ya utafiti, afya ya jamii na benki. Anayejua tayari kwamba anataka bima au pensheni, aende aktuaria moja kwa moja.

Kwa Tanzania, aktuaria ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM). Kwa takwimu kuna Chuo Kikuu cha Dodoma, Mzumbe, na Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika pale Changanyikeni, ambacho kimejikita zaidi kwenye takwimu rasmi za serikali. Kenya wana uwanja mpana: Nairobi, JKUAT, Kenyatta, Maseno, Strathmore na vingine. Uganda, Makerere imekuwa ikifundisha takwimu tangu 1969 kupitia taasisi iliyokuja kuwa shule ya takwimu na mipango.

Usichague kwa jina la kozi. Omba orodha ya masomo ya miaka yote, kisha tafuta mambo matatu: kuna angalau mihula miwili ya uwezekano na takwimu za kihisabati? Kuna somo la kompyuta linalofundisha R au Python (lugha za kuandikia programu) kwa vitendo, au linaishia Excel? Na kwa aktuaria, je, chuo kina makubaliano na bodi yoyote ya kimataifa ya kusamehewa baadhi ya mitihani? Swali la tatu waulize idara yenyewe, tena waulize masomo gani na alama ngapi zinahitajika. Msamaha hauji kwa kufaulu tu. Kwa kawaida unahitaji alama za juu kwenye masomo yaleyale husika.

Kuhusu tahasusi, PCM, PGM na EGM zote zinaingia, kutegemea masharti ya chuo kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka wako. Kinachoamua ni alama ya hisabati ya juu. Mwenye BAM (hisabati ya ziada kwa wasiosoma hisabati ya juu) peke yake atateseka, hata pale mlango unapokuwa wazi.

Hatua ya pili: tumia miezi ya kusubiri

Kati ya mtihani wa kidato cha sita mwezi Mei na kufungua chuo kuna miezi kadhaa ambayo wengi wanaimalizia kwenye simu. Rudia integrali, hasa ile ya kugawa sehemu kwa sehemu na ile ya kubadilisha kigeu, pamoja na mifululizo ya kijiometri. Hizo mbili utazitumia mpaka siku ya kuhitimu. Ile 12.46 ya pale juu ni mfululizo wa kijiometri wenye vipande 20, basi.

Hatua ya tatu: mwaka wa kwanza, jenga mkono

Kalkulasi, aljebra ya matriki, utangulizi wa uwezekano, uchumi, pengine uhasibu. Masomo ya uchumi na uhasibu yanadanganya kwa urahisi wake, wanafunzi wa hisabati huyapuuza kisha wanakula sapu (mtihani wa marudio) huko. Yape saa zake.

Kwenye hisabati yenyewe, kanuni ni moja: swali lililofanywa ubaoni na mhadhiri halijakuwa lako mpaka ulifanye peke yako, karatasi tupu, daftari limefungwa. Siku hiyohiyo ya kipindi. Ukiona umekwama mstari wa tatu, hapo ndipo penye somo. Fungua, angalia mstari huo mmoja, funga, endelea. Wanaosoma kwa kutazama majibu wanatoka wakiamini wameelewa, na mtihani unawaambia vinginevyo.

Makundi ya majadiliano ni mazuri, kwa sharti: kila mmoja aje amejaribu. Kundi la watu wanne ambao mmoja anafundisha na watatu wanaitikia linamnufaisha yule mmoja tu.

Mitihani ya miaka iliyopita ianze kutumika mapema, siyo wiki ya mwisho. Usiikariri. Itumie kuona mhadhiri anapenda kuuliza uthibitisho au hesabu, na kujipima kwa saa.

Hatua ya nne: nadharia ya uwezekano, mahali shahada inapoamuliwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapobeba karii (somo la kurudia mwaka unaofuata) na baadhi wanadisko (wanaondolewa chuoni). Kinachowaangusha mara nyingi siyo ugumu wa hesabu. Wanajifunza migawanyo kama orodha ya majina: Bernoulli, binomia, Poisson, eksponensia, gama, kila moja na wastani wake na variansi yake (kipimo cha mtawanyiko), bila kujua ni hadithi gani kila mmoja anasimulia.

Jizoeze kuanza na hadithi. Chama cha bodaboda chenye wanachama 100 kinataka kuanzisha mfuko wa ajali. Tuseme kila dereva ana uwezekano wa asilimia 5 kudai fidia ndani ya mwaka, na ajali ya mmoja haihusiani na ya mwingine. Idadi ya madai ni binomia: wastani 5, mkengeuko sanifu, yaani kiasi cha kawaida cha kuyumba kuzunguka wastani, ni kipeuo cha pili cha 100 × 0.05 × 0.95, yaani karibu 2.2. Sasa weka kampuni yenye madereva 10,000 wa aina ileile. Wastani ni 500, mkengeuko sanifu karibu 21.8. Gawanya mkengeuko kwa wastani. Chama kidogo kina asilimia 44 ya kuyumba, kampuni ina asilimia 4.4. Hatari kwa kila dereva ni ileile, lakini chama kinahitaji akiba kubwa mno kwa kichwa ili kisifilisike mwaka mbaya. Sheria ya namba kubwa uliyoiona ubaoni kwa alama za Kigiriki ndiyo hiyo, na ndiyo sababu kampuni za bima zipo.

Halafu fanya jambo ambalo mtihani hauulizi sana lakini kazi inauliza kila siku: bomoa dhana. Nilisema ajali ya mmoja haihusiani na ya mwingine. Kwa ajali za barabarani inaelekea kuwa kweli. Kwa bima ya nyumba za bondeni siyo kweli hata kidogo: mvua za Aprili 2024 zilipoleta mafuriko Kenya na Tanzania, nyumba za jirani zilizama pamoja. Ukiwa na nyumba 10,000 kwenye bonde moja, ile asilimia 4.4 haipo tena. Unakaribia kuwa na nyumba moja kubwa yenye paa 10,000. Mwanafunzi anayeweza kueleza hili kwa maneno, kisha akaandika variansi ya jumla pamoja na kovariansi zake (vipimo vya jinsi vitu viwili vinavyopanda na kushuka pamoja), ameshaelewa robo tatu ya somo.

Kwa kila mgawanyo unaofundishwa, andika ukurasa mmoja wako: hadithi yake, dhana zake, wastani na variansi ulivyozipata kwa mkono, na mfano mmoja wa mtaani ambapo dhana zake zinavunjika. Kurasa hizo zitakufaa kuliko kitini chochote utakapofika kwenye makadirio na upimaji wa nadharia tete.

Kwa wa aktuaria, mwaka wa pili au wa tatu utakutana na hisabati ya maisha. Ni ndoa ya vitu viwili ulivyokwisha kuvijua: thamani ya sasa ya pesa, na uwezekano wa kuwa hai. Ile anuiti (malipo ya kila mwaka) ya miaka 20 tuliyoikokotoa ilichukulia mstaafu wa miaka 60 atafika 80 bila shaka, kisha malipo yakome. Hisabati ya maisha inazidisha kila malipo kwa uwezekano wa kuwa hai mwaka huo, kutoka kwenye jedwali la vifo. Kenya ina majedwali yake ya watu waliokatiwa bima, yale ya KE 2007–2010. Yatafute ufanyie mazoezi, yanavutia kuliko majedwali ya Waingereza yaliyojaa vitabuni.

Hatua ya tano: kompyuta, tangu muhula wa kwanza

Huhitaji mashine ya bei mbaya. Laptopu iliyotumika yenye RAM ya GB 8 inatosha kwa shahada nzima. R ni bure, na ukishaiweka inafanya kazi bila intaneti, kwa hiyo pakua vifurushi vyote unavyohitaji ukiwa kwenye waifai ya chuo, uokoe bando. Bumu (pesa ya mkopo wa mwanafunzi) likitoka, hilo liwe la kwanza kabla ya simu mpya. Najua nasema kwa nani.

Anza na kitu unachokijua jibu lake. Andika mstari huu:

sum((1/1.05)^(1:20))

R itakurudishia 12.46221. Badilisha 1.05 iwe 1.08, badilisha 20 iwe 30, uone jibu linavyocheza. Kisha iga wale bodaboda:

x <- rbinom(10000, 100, 0.05)
mean(x); sd(x); mean(x > 8)

Umeigiza miaka 10,000 ya chama kile kwa nukta moja ya sekunde, na namba ya mwisho inakwambia ni sehemu gani ya miaka hiyo ilikuwa na madai zaidi ya nane. Sasa kokotoa jibu hilohilo kwa mkono na ulinganishe. Kila swali la uwezekano unaloweza kuliigiza, liigize. Ukipata majibu mawili yanayotofautiana sana, mojawapo ya njia zako ina kosa, na kulitafuta kosa hilo kunafundisha kuliko mhadhara.

Excel usiidharau. Ofisi za bima zinaishi ndani yake. Jifunze kujenga karatasi ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata: dhana upande mmoja, hesabu upande mwingine, hakuna namba iliyochomekwa katikati ya fomula. SQL ya msingi (lugha ya kuchota data kwenye hifadhidata) iongeze ukifika mwaka wa pili, kwa sababu data za wateja haziji kwenye faili safi.

Hatua ya sita: mitihani ya bodi

Shahada peke yake haikufanyi aktuari. Jina hilo linapatikana kupitia bodi, na kwa Afrika Mashariki zinazofuatwa zaidi ni ile ya Uingereza, IFoA, na ile ya Marekani, SOA. Wapo pia wanaopitia Afrika Kusini. Kuikamilisha kunachukua miaka kadhaa baada ya shahada, watu wakiwa kazini.

Kwa IFoA, masomo ya mwanzo yanayolingana na ya chuo ni CS1 (takwimu), CM1 (hisabati ya fedha na maisha), CB1 (fedha za biashara) na CB2 (uchumi). CS1 ina karatasi mbili, moja ya kuandika na nyingine ya kutumia R. CM1 nayo ina moja ya Excel. Unaona sasa kwa nini nilikazania kompyuta. Kwa SOA, milango ni mtihani P wa uwezekano, wenye maswali 30 ya kuchagua kwa saa 3, na FM wa hisabati ya fedha.

Ushauri wangu: fanya mtihani mmoja kabla hujahitimu, somo likiwa bado la moto. Aliyemaliza uwezekano mwezi wa pili ana nafasi nzuri ya kufaulu P au CS1 mwaka huohuo kuliko miaka mitatu baadaye akiwa amechoka na kazi. Tatizo ni ada, ambazo kwa familia nyingi zetu ni mzigo. Bodi zote mbili zina utaratibu wa punguzo kwa wenye kipato kidogo au wa nchi zenye uchumi mdogo; soma masharti kwenye tovuti zao na uombe kabla ya kulipa, kwa sababu ukishalipa bei kamili kurudishiwa ni kazi nyingine. Na usilipie mitihani miwili kwa mkupuo mara ya kwanza. Lipia mmoja, faulu, uone.

Hatua ya saba: fildi na mradi wa mwisho

Barua za fildi (mafunzo kwa vitendo kazini) zipelekwe mapema, mbili tatu kwa wakati mmoja. Watu wote hukimbilia kampuni kubwa za bima. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mifuko ya pensheni, mamlaka za usimamizi wa bima, mifuko ya fidia kwa wafanyakazi na idara za mikopo za benki nazo zinachukua wanafunzi, na huko mara nyingine unagusa data zaidi. Ukifika, ukiona umepewa kazi ya fotokopi, omba kwa adabu: "Naomba nisaidie kusafisha faili la madai ya mwaka jana." Hakuna anayependa kazi hiyo, na ndiyo inayofundisha. Utakuta tarehe ya ajali iliyotangulia tarehe ya kuzaliwa, jina moja kwa herufi tatu tofauti, fidia ya sifuri ambayo kumbe ni dai lisilolipwa bado.

Mradi wa mwisho uwe mdogo na mkavu. "Mchango wa bima katika uchumi wa Tanzania" ni kitabu, hautaumaliza. Afadhali uchukue swali lenye namba mkononi. Mfano mmoja rahisi kuufanya: watu wetu hutaja umri kwa kukadiria, na miaka inayoishia na 0 au 5 hujaa. Sensa ya Tanzania ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Chukua majedwali ya umri wa mwaka mmojammoja, jumlisha wenye miaka 25, 30, 35 hadi 60, zidisha kwa 5, gawanya kwa wote wa miaka 23 hadi 62, zidisha kwa 100. Hiyo ni faharasa ya Whipple: 100 maana yake hakuna rundo, 500 maana yake kila mtu ametaja mwaka unaoishia 0 au 5. Ifanye kwa kila mkoa, mjini na vijijini, wanawake na wanaume. Kisha uliza: jedwali la vifo lililojengwa juu ya umri kama huu litakosea kwa upande gani, na mstaafu atalipwa nini? Ni mradi mzuri wa takwimu, na ukiupeleka hadi swali la mwisho umekuwa wa aktuaria.

Hatua ya nane: kutafuta kazi

Matangazo yenye neno "aktuari" ni machache. Tafuta kwa majina mengine: mchambuzi wa akiba za madai, wa bei za bima, wa hatari za mikopo, mchambuzi wa data, mtakwimu. Kanuni za kihasibu zimeleta kazi nyingi kimyakimya: IFRS 9, tangu Januari 2018, inazitaka benki zikadirie hasara za mikopo kabla hazijatokea, na IFRS 17, tangu Januari 2023, imebadilisha namna kampuni za bima zinavyopima madeni yao. Ukienda usaili wa benki bila kujua uwezekano wa kushindwa kulipa unakokotolewaje, umejimaliza mwenyewe. Upande wa afya, Kenya ilihamia mfumo mpya Oktoba 2024 kwa makato ya asilimia 2.75 ya mshahara, na Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Kila mfumo wa namna hiyo unahitaji mtu wa kusema mchango huo utatosha kwa miaka mingapi.

Kwenye wasifu wako, usiandike tu "najua R". Weka kiungo cha mradi wako pamoja na msimbo. Andika mtihani wa bodi uliofaulu, hata mmoja. Na jiandae kwa swali ambalo wasailiwa wengi wa fani hii wanakwama: "Mweleze mteja asiyejua hesabu kwa nini mchango wake umepanda." Fanya mazoezi ya jibu hilo kwa sauti, mbele ya mama au shangazi, kwa dakika mbili, bila neno hata moja la darasani. Akikuuliza swali la pili, jibu lako lilikuwa zuri. Akinyamaza na kuitikia tu, anza upya.